Njoo Uniandikie Meseji

Ni mara ngapi katika juma moja unamwita mtoto na kumwambia, "Njoo uniandikie meseji"? Hapa kwetu Ilula maneno hayo husikika karibu kila nyumba, na hakuna anayeyaona kuwa ni tatizo. Mtoto huja, hushika simu, na mama husema anayotaka yaandikwe. Mtoto akimaliza husema "tayari", mama hushukuru, na kila mmoja huendelea na shughuli zake.

Lakini hebu tujiulize. Je, mtoto ameandika uliyoyasema? Na wewe, je, umesema yote uliyotaka kuyasema?

Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha akina mama cha kuweka na kukopa, na meseji za wanachama huja kwangu. Kwa miaka hii nimejifunza kutambua meseji ambayo mama ameiandika mwenyewe na ile aliyoandikiwa. Ya kuandikiwa ni fupi kama telegramu ya zamani, imejaa "xaxa" na "cjui", na mama mwenye heshima zake anasikika kama kijana wa stendi. Meseji ya mama mwenyewe huanza na salamu, huuliza habari za nyumbani, halafu ndipo inapofika kwenye haja. Hata kama ina makosa, mtu unamwona.

Haya peke yake yangekuwa mambo ya kuchekesha tu. Ninayaandika kwa sababu ya jambo lililompata mama mkwe wangu, naye ameniruhusu niyaeleze. Alisema huenda kuna mama mwingine mahali fulani anasubiri kama yeye alivyosubiri.

ALIYEKOSA WA KUMWAMBIA

Mama mkwe wangu alijifunza kusoma na kuandika akiwa tayari ni mke wa mtu. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata madarasa ya kisomo, yale ambayo watu waliyaita ngumbaru, yalifunguliwa vijijini kote. Alikuwa akitoka shambani anakwenda darasani, mtoto mgongoni. Mpaka leo mwandiko wake ni ule ule wa ngumbaru: herufi kubwa, zimesimama wima, moja moja, kama miche ya vitunguu iliyohamishiwa shambani. Daftari lake la mauzo ya vitunguu analiandika mwenyewe, na hesabu zake hazina shaka.

Katikati ya mwaka 2019, wakati wa baridi, alianza kutokwa damu. Alikuwa amekoma hedhi zaidi ya miaka kumi na mitano iliyopita. Hakumwambia mtu. Mimi ni mkwe wake, kwa hiyo aliona haya kuniambia. Baba mkwe ni mwanamume. Na mwanawe wa kiume, yaani mume wangu, ndiyo kabisa hangeweza kumtajia. Mtu pekee ambaye angemweleza ni wifi yangu, binti yake, anayefanya kazi kiwandani Dar es Salaam.

Mtauliza, kwa nini asimpigie simu? Wifi yangu yuko kazini kutwa, na huko simu huachwa nje mpaka jioni. Jioni nyumba yetu imejaa watu, na mama mkwe husikia kwa shida kidogo, kwa hiyo akipiga simu huongea kwa sauti ambayo jirani wa pili anaisikia. Zaidi ya hayo, alikuja kuniambia baadaye, yako maneno ambayo mama hawezi kuyatamka kwa mdomo mbele ya mtoto aliyemzaa, lakini anaweza kuyaandika.

Basi kwa nini asiandike? Kwa sababu meseji zake zote kwa wifi yangu ziliandikwa na mjukuu wake, mwanangu wa kiume, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Alisubiri miezi sita. Wifi alipokuja kula Krismasi ndipo walipokaa wawili jikoni na mama akasema. Nilisikia wifi akilia. "Mama, mbona hukuniandikia?" Mama akamjibu, "Ningemwambia nani aandike?"

Namshukuru Mungu, hospitalini waligundua uvimbe mdogo kwenye mlango wa kizazi, wakautoa, na vipimo vilionyesha kuwa si saratani. Lakini daktari alimwambia neno ambalo kila mwanamke inampasa alijue: mwanamke aliyekoma hedhi mwaka mmoja au zaidi, akiona damu tena, hata tone moja, aende akapimwe mara moja. Asingoje. Ingekuwa saratani, miezi ile sita ingekuwa na bei yake.

ANAJUA KUANDIKA, KWA NINI SIMU ILIMSHINDA?

Jibu la mama mkwe lilinikaa moyoni. Hapa alikuwapo mwanamke anayejua kusoma na kuandika, ana simu yake mwenyewe, na bado hakuweza kumwandikia mwanawe. Ilinipasa nitafute kujua tatizo liko wapi. Nimeona kuwa halikuwa kwake. Lilikuwa kwenye namna simu inavyotaka iandikiwe.

Kumbukeni zile simu za vitufe tunazoziita vitochi, ambazo wengi wetu bado tunazo. Kitufe kimoja kina herufi tatu au nne. Ukitaka A unabonyeza mara moja, lakini S iko ya nne kwenye kitufe cha 7. Nilikaa siku moja nikahesabu: kuandika "Nimefika salama", maneno mawili tu, kunahitaji kubonyeza mara 29. Kwa kijana ni mchezo. Kwa mama mwenye macho ya miaka sabini na kidole chenye sugu ya jembe, kabla hajafika kwenye "salama" amekwisha kukata tamaa.

Walikuwapo waliojaribu kupunguza kazi hiyo. Katika miaka ya 1990 kampuni moja ndogo ya Marekani, Tegic, ilitoa utaratibu uitwao T9. Ulibonyeza kila kitufe mara moja tu, na simu yenyewe ikakisia neno kwa kutazama kamusi iliyowekwa ndani yake. Jambo zuri la kujua ni kwamba wabunifu wake, akina Martin King na Cliff Kushler, walikuwa wakitafuta njia ya kuwasaidia watu wenye ulemavu wasioweza kutumia mikono yao kuandika. Msaada uliotafutwa kwa ajili ya wachache ukawafaa mamilioni. Ila kukisia kuna matatizo yake, hasa kwa lugha yetu. "Kaka" na "lala" hubonyezwa kwa vitufe vile vile. Hali kadhalika "soma" na "pona". Simu haijui kama unamwombea mgonjwa au unamhimiza mwanafunzi.

Kisha zikaja simu za kupangusa, na herufi zote zikaonekana kwenye kioo. Tukadhani sasa shida imekwisha. Lakini mpangilio wa herufi zile ulitoka kwenye mashine ya kuandikia ya Mmarekani Christopher Latham Sholes, iliyoanza kuuzwa mwaka 1874. Haufuati a, b, ch, d kama tulivyofundishwa. Q na X, ambazo Kiswahili sanifu hakina kazi nazo, zimepewa nafasi zao sawa na herufi nyingine, na A, ambayo sisi tunaitumia karibu katika kila neno, imesukumwa pembeni kabisa kushoto. Mtu aliyezoea mashine haoni tabu. Mama wa ngumbaru anaitafuta kila herufi kama anayetafuta sindano iliyoanguka kwenye mchanga.

Aidha, iko habari ya vidole vyenyewe. Kioo cha simu ya kupangusa hakisikii uzito wa kidole. Kinahisi badiliko dogo sana la umeme wake pale kidole kinapokigusa, kwa kuwa mwili wa mtu hupitisha umeme. Ngozi iliyokauka na kuwa na sugu hupitisha umeme huo kwa shida, na kidole chenye maji huupeleka kusikotakiwa. Sasa fikirini vidole vya mwanamke wa Ilula: vimechambua nyanya tangu alfajiri, vimeingia ile rangi ya kijani inayogoma kutoka hata kwa sabuni, vimepasuka kwa baridi ya mwezi wa saba. Unabonyeza mara tatu, simu imekaa kimya. Unabonyeza kwa nguvu, inaandika herufi ya jirani. Halafu mtoto anakuja na kidole chake laini, inaitika mara moja, nawe unadhani wewe ndiye mjinga.

Si ujinga, mama. Ni ngozi ya mtu anayefanya kazi.

NJIA YA KIDOLE

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa mama mkwe wangu kidole kimoja kilivunja ukimya wa miezi sita.

Kabla ya kurudi Dar es Salaam, wifi yangu alichukua simu yake mwenyewe ya kupangusa, akamwachia mama, yeye akabaki na kitochi. Ndani ya simu ile aliweka kibodi, yaani ule ubao wa herufi, inayoitwa Gboard, ya kampuni ya Google, ambayo haina malipo. Katika mipangilio yake ya lugha akachagua Kiswahili, na badala ya ubao wa herufi akachagua mwandiko wa mkono. Herufi zikatoweka, pakabaki nafasi nyeupe tupu. Akamwambia, "Mama, andika hapa kwa kidole kama unavyoandika kwenye daftari."

Mama mkwe akaandika M kubwa. Simu ikaigeuza ikawa M ya chapa. Akatutazama. Akaandika A. Alipomaliza "MAMA" alicheka kicheko ambacho sijapata kukisikia kwake, si kabla wala baada.

Haikuwa rahisi moja kwa moja. Simu ilisoma herufi yake ndogo ya "a" kama "u", kwa sababu hakuifunga juu, na ilimbidi aizoee. Meseji ya mistari mitatu ilimchukua robo saa. Lakini alikuwa peke yake na maneno yake. Juma la pili baada ya wifi kuondoka, mama mkwe alijifungia chumbani na simu, na jioni wifi akapata meseji. Ilianza na "Kamwene mwanangu", salamu ya kwetu Wahehe, ikaeleza kwamba amelala vizuri, halafu ikasema: "Damu imekoma." Watu wote nyumbani tulikuwa tunakula ugali sebuleni, na hakuna aliyejua kwamba habari hiyo imekwisha kufika Dar es Salaam.

Mambo haya ya mwandiko si mapya kabisa. Kampuni ya Apple ilitoa mwaka 1993 kifaa kiitwacho Newton kilichodai kusoma mwandiko wa mtu, kikachekwa sana kwa makosa yake. Mwaka 1996 kampuni ya Palm ikatoa kifaa kilichofanya vizuri zaidi, lakini kilimtaka mwenyewe ajifunze kuandika herufi kwa namna kifaa kilivyotaka. Mtu alikwenda shule kwa mashine. Google walipotoa programu ya mwandiko mwaka 2015, wakiwa na lugha 82, mambo yalianza kugeuka: mashine ndiyo iliyokwenda shule kwa watu, ikajifunza kutoka miandiko mingi. Ndiyo maana mwandiko wa ngumbaru umepata nafasi kwenye simu ya leo.

NJIA YA MDOMO

Mwandiko unamfaa mama mkwe. Jirani yangu haumfai hata kidogo.

Yeye huuza nyanya kando ya barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam. Wakati wa msimu anachambua nyanya na kupanga matenga, huku wateja wa mabasi wanamwita upande huu na dalali anamuuliza bei upande ule. Aliacha shule darasa la nne. Anasoma vizuri, ila kuandika kunamchelewesha. Alikuwa akituma sauti kwa dalali, lakini sauti ilimletea ugomvi. Siku moja dalali alidai hakusikia bei aliyotajiwa, na sauti ile ilikuwa imefutika kwenye simu yake. Tangu hapo jirani yangu anataka maandishi. Maandishi unaweza kumwonyesha mtu.

Binti yake alimwonyesha alama ya kipaza sauti iliyo juu ya ubao wa herufi. Unaigusa, unasema, na maneno yanajiandika. Kiswahili kiliingizwa katika huduma hiyo ya Google mwezi Agosti 2017, pamoja na Kiamhari cha Ethiopia, na unaweza kuchagua Kiswahili cha Tanzania au cha Kenya. Ni vema kuchagua cha kwetu.

Mwanzoni alichekesha soko zima. Alisema, "Nina matenga ishirini," simu ikaandika habari za Tanga, kana kwamba anauza mji. Sababu yake inaeleweka. Mashine haisikii neno kama sisi tunavyosikia. Inalinganisha sauti na maneno iliyofundishwa, halafu inachagua lile linalotumika zaidi. Tanga huandikwa kila siku kwenye magazeti. Tenga la nyanya ni mara chache. Sasa jirani yangu amezoea: anasema polepole, anatamka neno zima mpaka mwisho, anageuza mgongo kwa barabara ili malori yasiingilie, na kabla ya kutuma anasoma. Akiona kosa analigusa na kulirekebisha.

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi wanawake wote. Mashine hizi hujifunza kutoka sauti za watu waliojitolea au waliorekodiwa. Kama sauti nyingi ni za vijana wa mjini, basi mashine itamwelewa kijana wa mjini, na bibi wa Ilula mwenye lafudhi ya Kihehe itamwona kama mgeni. Shirika la Mozilla lilianzisha mwaka 2017 mradi uitwao Common Voice, ambao watu wa lugha mbalimbali husoma sentensi kwa sauti ili mashine zijifunze, na sauti hizo hutolewa bure kwa yeyote anayetaka kuzitumia. Mwaka 2021 mradi huo ulipata dola za Marekani milioni 3.4 kwa ajili ya Kiswahili, na miongoni mwa walioteuliwa kuufanyia kazi alikuwamo mwanamke Mtanzania, Rebecca Ryakitimbo. Mabinti zetu walioko vyuoni wanaweza kusoma sentensi humo, na wanaporudi likizo wawasaidie mama zao na bibi zao kusoma pia. Kiswahili cha simu kitakuwa kile tutakachoifundisha.

NJIA YA KUTELEZA

Kwa mama kijana ambaye vidole vyake bado ni vyepesi, ubao wa herufi ule ule una namna rahisi zaidi. Hunyanyui kidole. Unakiweka kwenye herufi ya kwanza ya neno na kukitelezesha kupitia herufi zinazofuata, kisha unaachia, na neno linatokea. Namna hii ilijulikana sana kwa jina la Swype, iliyotoka kwenye simu mwaka 2009, na mmoja wa waliyoibuni ni yule yule Cliff Kushler wa T9. Mimi mwenyewe ndiyo ninayoitumia kwa kazi za kikundi, mkono mmoja ukiwa na simu na mwingine ukikoroga uji.

Sharti lake ni moja: simu iambiwe kwamba unaandika Kiswahili. Usipofanya hivyo itakisia Kiingereza, na maneno yako yatatoka yamechanganyikiwa. Hata ikiambiwa, bado lugha yetu inaielemea. Neno letu moja ni sentensi nzima. "Nitakuandikia" limebeba mimi, wakati ujao, wewe, na kazi yenyewe. Hakuna kamusi iliyoweza kuorodhesha maneno yote ya namna hiyo.

Na hapa pana hatari ambayo haimo sana katika lugha za wenzetu. Kwetu sisi silabi moja au mbili hugeuza habari yote. "Nitakuja" na "sitakuja". "Amepona" na "hajapona". "Nimelipa" na "sijalipa". Simu ikikisia vibaya mwanzo wa neno, mtu atafunga safari bure, au mgonjwa hatafuatiliwa. Kwa hiyo, njia yoyote utakayochagua, soma kabla ya kutuma. Soma mwanzo wa kila neno, na usome tarakimu zote: bei, tarehe, na idadi ya vidonge.

MAMBO YA KUANGALIA

Kwanza, chagua njia inayoufaa mwili wako na kazi yako. Usione haya kwamba mwenzako anateleza nawe unachora herufi moja moja. Kama vidole ni vikavu, osha, futa, paka mafuta kidogo sana, kisha tumia upande wa kidole gumba. Ukiilaza simu, herufi huwa kubwa zaidi. Simu nyingine zina mahali pa kuongeza wepesi wa kioo kuhisi kidole. Mwambie kijana akutafutie kwenye mipangilio.

Pili, usiseme namba ya siri kwa mdomo, hata kama uko peke yako. Mara nyingi sauti yako husafiri kwa intaneti mpaka kwenye mitambo ya kampuni iliyo mbali, na papo hapo jirani yako yuko dirishani. Mambo ya ndoa, ya fedha na ya afya ni afadhali yaandikwe kwa kidole.

Tatu, kumbuka kwamba kibodi hujifunza maneno yako. Ukiandika neno la siri mara kadhaa, linaweza kumtokea mwanao kama pendekezo atakapoishika simu hiyo hiyo. Kwa simu inayotumiwa na watu wengi nyumbani, iko sehemu katika mipangilio ya kufuta yale ambayo kibodi imejifunza. Ifahamu.

Nne, na hili nawaambia hasa mabinti na wakwe: mama anapokuomba umwandikie, kaa naye. Usimnyang'anye simu. Tumia siku moja kumwonyesha njia tatu hizi, umwache achague mwenyewe, kisha kila siku umpe meseji moja ya kuandika bila msaada. Mama mkwe wangu alihitaji majuma mawili. Tuliotumia miaka kumi kumwandikia hatukumwokolea muda wowote.

Sisemi kuandikiwa ni vibaya. Hata Mtume Paulo alikuwa na wa kumwandikia, na katika Waraka kwa Warumi mwandishi huyo, Tertio, anatoa salamu zake kwa jina. Lakini Paulo alipofika mwisho wa barua yake kwa Wagalatia alishika kalamu mwenyewe, na akataja jinsi herufi zake zilivyokuwa kubwa. Nikisoma mahali hapo siku hizi namwona mama mkwe na kidole chake.

Katika kikundi chetu tulikubaliana mwaka jana kwamba mwanachama akiwa na shida ya faragha, ya ugonjwa au ya nyumbani, amwandikie mwenyekiti yeye mwenyewe, hata kwa neno moja, hata kwa makosa. Tangu hapo wanachama watatu wamefanya hivyo. Mmoja aliandika neno "njoo" tu, bila salamu. Mwenyekiti alikwenda usiku ule ule, naye alifika wakati unaofaa. Yaliyokuwa ndani ya nyumba ile si yangu kuyaeleza. Yanatosha kwa wale waliohusika. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba mama yule ana watoto wanne, wote wanajua kuandika, na hakumwita hata mmoja.